Vunjajungu Ndani ya Kawa

Sajini Odyek alipostaafu polisi, watu wa mtaa wake wa Kawempe, jijini Kampala, walidhani atafungua studio. Alikuwa na kamera nzuri, aliijua kazi kuliko wapiga picha wote wa harusi waliopanga vibanda kando ya barabara ya Bombo, na sasa alikuwa na muda. Ramathan, fundi wa pikipiki ambaye gereji yake imeshikana ukuta na nyumba ya Odyek, alimwambia wazi kwamba mtu mwenye ujuzi kama ule hawezi kukaa barazani akichambua maharage. Odyek alicheka kidogo, akasema ataona.

Hakufungua studio. Kazi yake polisi ilikuwa kupiga picha mahali palipotokea jambo: ajali, moto, mtu aliyeopolewa mferejini Bwaise baada ya mvua kubwa. Alipelekwa kwenye kazi hiyo akiwa kijana kwa sababu mkono wake ulikuwa mtulivu, akabaki humo mpaka mvi zikamjaa. Sheria aliyofundishwa mwanzoni, naye akaja kuwafundisha wengine, ilikuwa moja: usiguse kitu kabla hujakipiga picha. Alikuwa akizunguka, akipiga, akirudisha vifaa mkobani, kisha anakwenda nyumbani kula. Mkewe Sharifah hakumwuliza ameona nini. Alimtengea maji ya kuoga kwanza, chakula baadaye.

Sharifah ni Mnubi, mzaliwa wa Bwaise, mjukuu wa askari. Odyek ni wa kabila la Lango, huko kaskazini. Walikutana katika kambi ya polisi, na kwa kuwa mke hakujua Kilango na mume hakujua Kinubi, walichumbiana kwa Kiswahili cha kambini, wakaoana kwa Kiswahili hichohicho, na mpaka leo ndicho wanachokitumia hata wakigombana. Mama huyu anasuka makawa ya rangi, yale ya kufunikia chakula, na makawa yake yameenda mpaka nyumba za watu asiowajua. Mumewe anakwenda kanisani, yeye anaswali, na jikoni hakuna ugomvi.

Mambo yalianza kuharibika siku ya kumpa jina mjukuu wao Nuriat, mtoto wa binti yao Lailah. Mtoto alikuwa amelala juu ya shuka jeupe, na ndugu wakamwomba babu apige picha. Odyek aliinua kamera, akachungulia, akakaa hivyo kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha aliishusha, akainama, akaweka kiganja mbele ya pua ya mtoto. Mtoto akaamka analia. Odyek akasema betri imekwisha, akatoka nje.

Tangu hapo Sharifah alikuwa akijilaza mchana kidogo, akifumbua macho anakuta kiganja cha mumewe mbele ya uso wake. Mume anakiondoa haraka, anasema alikuwa anafukuza nzi. Mke akichelewa kidogo tu kurudi kutoka sokoni, anamkuta amesimama getini, shati limelowa jasho. Mume akisikia king'ora kutoka barabarani, anaanza kuwapigia simu watoto mmoja mmoja. Muuguzi wa kliniki ya jirani alimpima Odyek presha, akamwambia apunguze chumvi. Sharifah alipunguza chumvi, lakini viganja havikukoma.

Akamweleza Lailah. Lailah ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya Old Kampala, na si mtu wa kukaa na jambo bila kulifanyia kitu. Jumapili iliyofuata alifika kwa wazazi wake na chupa ya plastiki yenye matundu. Ndani yake kulikuwa na vunjajungu, wa kijani kama jani changa la mgomba, aliyekunja mikono yake ya mbele kana kwamba anasikiliza hotuba. Alimwambia baba yake kwamba mdudu huyo amebakiza kujivua gamba mara moja tu, na akijivua atatoka na mabawa. Wanafunzi wake wanayasoma hayo katika vitabu vyenye wadudu wa nchi wasizozijua. Anataka picha za vunjajungu wa hapahapa, hatua kwa hatua, azibandike ukutani darasani. Yeye mwenyewe anafundisha mchana kutwa. Hawezi kumlinda mdudu.

Odyek aliisogeza chupa kwenye mwanga. Akauliza kama mdudu huwa anakufa anapojivua.

Lailah angeweza kumdanganya, lakini hakufanya hivyo. Alisema wengine hufa. Hukwama ndani ya gamba lao, wakakauka. Dawa yake ni hewa isiwe kavu: kila asubuhi na kila jioni amnyunyizie maji kidogo pembeni, na siku yenyewe ikifika asimguse kabisa.

Sharifah hakupenda. Tangu utotoni alikuwa akisikia kwamba ukimchezea vunjajungu utavunja vyombo vya ndani, ndiyo maana akaitwa hivyo, naye ana vikombe vya mama yake kabatini. Lakini alipoona mumewe ameshaanza kuuliza mdudu anakula nini, aliacha kupinga. Akatoa hata kawa la chandarua, lile la dukani linalofunguka kama mwavuli, wakamweka vunjajungu humo, juu ya meza ndogo karibu na dirisha. Siku iliyofuata alikuta limekatwa tundu ubavuni ili lenzi ipite. Hapo alisema maneno ambayo si lazima kuyarudia.

Basi mtaa ukaanza kumwona sajini mstaafu akiwinda nzi kwenye jalala kwa chupa ya maji. Ramathan alimsaidia kukamata panzi. Vunjajungu alikula vizuri, na kwa muda mfupi Odyek alionekana ana nafuu. Alisimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu mbele ya tundu, akajaribu mwanga, akajaribu umbali. Lakini alikuwa mtu wa kazi safi. Aligundua kwamba matone ya maji kwenye chandarua yanang'aa na kuharibu picha. Kila picha ina madoa meupe. Akapunguza kunyunyiza. Baadaye akaacha, bila kumwambia mtu, akijisemea ataanza tena mdudu akionyesha dalili.

Dalili ilikuja kwa namna ya kumtia hofu. Vunjajungu aliacha kula. Panzi alitembea mpaka miguuni pake naye hakumgusa. Alining'inia kileleni ndani ya kawa, kichwa chini, bila kusogea. Odyek alihama na kiti chake, akakaa karibu na ile meza, na kwa hofu hiyo akasahau kabisa yale maji ya kunyunyiza. Chai ikapoa mbele yake. Mara kwa mara aliinuka, akapuliza hewa kidogo sana kupitia tundu, aone kama vipapasio vitatikisika. Vikitikisika anakaa. Baada ya muda anaanza kuwaza kwamba pengine ni upepo tu ndio uliovitikisa, anainuka tena. Sharifah alimwambia aende hata akanyoe ndevu, yeye atamwangalia. Alikataa. Alisema akigeuza mgongo tu, kitu kitatokea.

Kilitokea mchana, Sharifah akiwa ametoka kuswali adhuhuri. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na upande wa Bwaise wingu zito lilikuwa limefunga. Mwanga wa dirishani ulikuwa unaondoka. Odyek alikuwa anahangaika na kamera ili apate picha katika kiza kile, ndipo akaona mgongoni mwa mdudu, nyuma kidogo ya kichwa, pamepasuka mstari mwembamba mweupe.

Akamwita mkewe kwa sauti ya chini. Akapiga picha ya kwanza.

Wakati huohuo Ramathan alianza kugonga chasi ya pikipiki kwa nyundo. Ukuta ukatetemeka, meza ikatetemeka, vunjajungu akayumba pale aliponing'inia. Odyek alitoka mbio peku, akaweka mikono miwili juu ya ile chasi.

"Afande, nani anajifungua?" Ramathan akauliza.

Odyek alimwomba asubiri tu, atamweleza baadaye. Ramathan alimtazama usoni, akaweka nyundo chini bila swali la pili.

Aliporudi, kichwa kilikuwa kimeshatoka. Mdudu alikuwa anashuka kutoka ndani ya ngozi yake taratibu, kama mtu anayevuliwa fulana yenye shingo nyembamba, mwili mpya ukiwa laini na wa kijani hafifu, karibu mweupe. Odyek alipiga. Mikono ya mbele ikachomoka, mmoja, kisha wa pili. Akapiga. Miguu myembamba ya katikati ikatoka, imelegea kama nyuzi. Akapiga tena, akasogeza lenzi, akapiga. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, naye alihisi ile hali ya zamani ya kazini ikimwingia, ya kutosikia kitu chochote ila mlio wa kamera.

Kisha mdudu akakwama. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa haujatoka. Mwili wote ulining'inia ukivutwa upande mmoja na ule mguu, ukajinyonganyonga, ukatulia, ukajinyonganyonga tena kwa nguvu ndogo zaidi. Odyek aliendelea kupiga picha mpaka akaelewa anachokiona. Ilikuwa picha nzuri. Ilikuwa wazi kabisa, kila mwiba wa mguu unaonekana ndani ya gamba lililokauka na kubana.

Akachukua simu, akampigia Lailah. Haikupokelewa. Alikuwa darasani, simu iko kwenye mkoba. Akapiga tena, na tena, huku akimtazama mdudu. Alinyoosha kidole mpaka ndani ya tundu, akakumbuka aliyoambiwa, akakirudisha. Akakinyoosha tena. Sharifah alimwona jasho likimtiririka shingoni na akaogopa. Lakini si kwa ajili ya mdudu. Aliogopa kwamba huyu mdudu akifa hapa, mbele ya kamera hii, mumewe hatarudi tena kutoka huko alikoanza kwenda.

"Weka hiyo kamera chini, Baba Lailah," akasema.

Odyek alikuwa ameichomoa kwenye stendi na kuishika tena bila kujua. Akaiweka sakafuni.

Sharifah alimwuliza nini kimemkausha mdudu, kwa maana wote wawili walilisikia agizo la maji. Odyek akatazama chandarua kikavu. Mkewe hakungoja jibu. Sigiri ilikuwa inawaka uani, sufuria ya maji ya kusongea posho, ule ugali wa mahindi, juu yake. Alileta beseni, akamimina maji ya moto na kuyapoza kidogo kwa ya jerikeni, akaliweka juu ya stuli moja kwa moja chini ya ukingo wa meza. Akachukua leso yake ya kujitanda, akailowesha, akaikamua, akaizungusha kawa lote na kuishusha hadi kwenye beseni, mpaka mvuke ukaanza kupanda na kubaki mle ndani.

"Ndivyo tulivyomfanyia Lailah alipokuwa anabanwa na kifua," akasema. "Wewe ndiye uliyeshika shuka."

Odyek akashika leso. Aliishika kwa mikono miwili, magoti yake yakiwa juu ya saruji, uso wake karibu na tundu lililokatwa kwa ajili ya lenzi. Mle ndani kulikuwa na kiza cha kijani na joto la unyevunyevu. Hakuona vizuri. Alisikia radi mbali, akasikia pumzi yake mwenyewe, akajaribu kuipunguza kana kwamba inaweza kumwangusha mdudu. Sharifah aliongeza maji. Simu ililia mara moja juu ya kiti na kukatika, hakuna aliyeinuka.

Mdudu alijikunja. Akajikunja tena, safari hii mpaka kichwa kikakaribia mkia, na mguu ukatoka. Ulichomoka ghafla, na yeye akaning'inia kwa ncha ya tumbo tu, akizunguka polepole. Sasa Odyek aliogopa ataanguka. Kwa muda ambao hakuweza kuupima, kile kiumbe kilibaki vile, kikining'inia kwenye ngozi yake tupu, miguu yote ikiwa imenyooka hewani kushika kisichokuwepo. Kisha kikajipindua kwa pigo moja, kikashika gamba, kikashika chandarua, na kupanda juu.

Mvua ikaanza kupiga mabati.

Odyek alibaki amepiga magoti. Sharifah akamsogezea kamera kwa mguu. Aliichukua, na sasa mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka ikabidi aegemeze kiwiko kwenye kiti. Mabawa yalikuwa vibonge vidogo vilivyokunjamana kama karatasi iliyofinyangwa, nayo yakaanza kujaa na kushuka, yakilainika, yakinyooka. Alipiga nyingi. Baadaye zilionekana nusu yake zina ukungu.

Huko Old Kampala, Lailah alikuwa ametoka darasani na kukuta simu za baba yake zimefuatana. Baba yake hakuwa mtu wa kupiga mfululizo isipokuwa kwa ajali. Alipompigia, haikupokelewa, akampigia mama yake, simu ya mama ilikuwa imeishiwa chaji kwa sababu ya umeme kukatika. Hakumaliza kukusanya madaftari. Alimwomba mwenzake amshikie kipindi, akachukua boda mvuani, akashuka mlima akiwa anamwambia dereva aongeze mwendo na papo hapo anamwambia awe mwangalifu. Pale Bwaise maji yalikuwa yameshapanda barabarani, boda ikapita pembeni mwa magari yaliyosimama, sketi yake yote tope. Akilini alikuwa ameshamwona baba yake sakafuni.

Na kweli alimkuta sakafuni. Amekaa, amenyoosha miguu, mgongo ukutani, Sharifah kando yake, leso mbichi mapajani mwao wote wawili. Baba aliinua kiganja kumwashiria anyamaze. Lailah alikaa palepale kizingitini, maji yakimchuruzika.

Alipoweza kusema, aliuliza ni nini. Odyek alimwonyesha kawa. Vunjajungu alikuwa amening'inia na mabawa marefu yenye rangi ya chai ya maziwa iliyopauka, gamba tupu, lenye umbo la miguu yote, likiwa pembeni yake.

"Niliacha kumnyunyizia maji," Odyek akamwambia binti yake. "Matone yalikuwa yanaharibu picha. Nusura nimuue."

Lailah akasema la muhimu ni kwamba mdudu yuko hai. Baba yake akatikisa kichwa, kama mtu ambaye hajaeleweka. Akamtazama mdudu mpaka mvua ikapungua.

"Miaka yote ile mimi ni wa kufika baadaye," akasema. "Mtu ameshakwisha, ndipo naitwa. Huyu nimemkuta bado hai."

Sharifah akamshika mkono. Ndipo Odyek akaanza kuzungumza, kwa sauti ya kawaida, juu ya nyumba moja iliyoungua na vitu alivyoviona humo, jambo ambalo mkewe hakuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kulisema. Aliongea mpaka ikabidi Lailah ainuke akachemshe maji mengine ya posho, kwa maana yale ya kwanza yalikuwa yametumika. Hakulia. Sharifah ndiye aliyelia kidogo, akajifuta kwa ile leso.

Isifikiriwe kwamba alipona siku ile. Bado ving'ora vinamwinua kitini, na picha ya mjukuu wake mpaka sasa hajaipiga. Lakini wiki iliyofuata alikubali Lailah ampeleke kwa mshauri wa hospitali ambaye huzungumza na askari wastaafu, na anakwenda, hata kama kila mara asubuhi yake anatafuta sababu ya kutokwenda. Vunjajungu aliishi wiki kadhaa zaidi, akitembea upandeupande kwa sababu ule mguu ulikauka umepinda. Walimwachia kwenye mpasheni uliotambaa uani, na mchana mmoja hakuonekana tena. Vikombe vya kabatini vilibaki vizima.

Lailah alizibandika picha darasani kwa mpangilio. Kati ya ile ya mguu uliokwama na ile ya mabawa palibaki nafasi, kwa hiyo alichora mwenyewe kwa kalamu. Alimwomba baba yake aje awaeleze wanafunzi. Odyek alikataa, kisha akaja, akasimama karibu na mlango amevaa shati lililopigwa pasi, kofia mkononi, macho yake yakihesabu njia za kutokea. Alieleza kwa kifupi mno. Alipomaliza, msichana mmoja wa mstari wa mbele aliuliza kwa nini hatua ile moja imechorwa na haikupigwa picha.

Odyek aliutazama mchoro.

"Wakati ule nilikuwa na kazi nyingine," akasema.

Msichana akaridhika, akauliza mabawa huchukua muda gani kukauka, na kuhusu hilo Odyek alikuwa na mengi ya kusema.